King'ora Kilicholia Umeme Ukiwapo Tu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mtaa mzima ulipata habari kwamba Mama Vifungo amefungua kazi. Habari hizo zilikuja na kelele. Mama Vifungo alitega king'ora cha wizi, akafungua mlango makusudi, na king'ora kikalia mpaka mbwa wa jirani akaingia uvunguni.

"Kiko sawa!" alisema, akakinyamazisha, akaketi kwenye cherehani.

Mama Vifungo alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake. Wiki ile mlikuwa na sare themanini za shule humo ndani. Wazazi ndio walioleta vitambaa, na watoto walizihitaji sare Jumatatu, siku ya kufungua shule.

Jumatano asubuhi likapita gari la matangazo. Kesho, lilisema, umeme utakatwa kutwa nzima kwa matengenezo.

"Kesho?" Mama Vifungo akashtuka. "Kesho si ndiyo siku ya mama kupasuliwa jicho?"

Ndiyo. Tena walipaswa kwenda wote. Mumewe amshike mama yake mkono huu, yeye amshike mkono ule, maana mama mkwe akimwona daktari hugeuka mwanariadha.

"Wasiwasi wa nini?" mumewe akasema. "King'ora kipo. Tena kinapiga kelele kuliko mama."

"Nimesikia," mama mkwe akajibu kutoka kitini. "Jicho ndilo bovu, masikio yangu mazima. Hata yule nyenje wenu namsikia."

Kweli, kwa wiki tatu kulikuwa na nyenje ukutani. Kila baada ya dakika moja alilia: ti! Walimpulizia dawa. Walisogeza kabati. Mama mkwe aligonga ukuta kwa fimbo na kumtukana. Nyenje hakujali.

Lakini sasa Mama Vifungo aliduwaa, sindano mdomoni. Akaitoa.

"Baba watoto, king'ora kinakula umeme. Kesho umeme haupo. Kitakula nini?"

"Kina betri ndani. Ya akiba."

"Umewahi kuiona?"

"Kwani maini yangu nimewahi kuyaona? Si ninaishi!"

Jibu hilo halikumshibisha Mama Vifungo. Alivuka barabara akamwita Fundi Nyaya, jirani yao, mwanamke mfupi mwenye mfuko mzito. Kazi yake ilikuwa kufunga ving'ora majumbani na madukani.

Fundi Nyaya alisimama chini ya boksi la king'ora. Ti!

"Umemsikia?" akasema mama mkwe. "Mkorofi huyo!"

Fundi aliinua macho. Alinyoosha kidole kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa juu ya boksi. "Hii imefuata nini hapa?"

Mume wa Mama Vifungo akaangalia miguu yake. "Kulikuwa na kataa kadogo kanakowaka njano. Kalinisumbua nikitazama mpira."

"Shemeji yangu! Hako kataa kalikuwa kanakuita. Ulipokaziba, boksi likabaki kuwaita kwa sauti. Hakuna nyenje hapa. Boksi ndilo linalia kwamba betri imechoka."

Mama mkwe akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Wiki tatu nalitukana boksi!"

"Lakini Jumatatu kililia vizuri," Mama Vifungo akabisha.

"Ulizima umeme kwanza?"

"Nizime wa nini?"

"Basi ulipima umeme, dada. Betri hukuipima."

Mama Vifungo alisogea karibu. "Nionyeshe."

"Kwanza waambie majirani tunafanya majaribio. Wenye maduka waliounganishwa na kampuni ya ulinzi huwapigia simu walinzi, wasije mbio bure."

Mama Vifungo akawatangazia majirani. Fundi akazima swichi inayopeleka umeme kwenye king'ora. Mama Vifungo akafungua mlango.

King'ora kikasema kwii, kama kifaranga aliyekanyagwa. Kikanyamaza. Taa zake zote zikafa.

Mama Vifungo alizitazama sare themanini, zimekunjwa vizuri mezani, zinamsubiri mwizi yeyote.

Fundi akafungua boksi. Ndani mlikuwa na betri yenye ukubwa wa tofali dogo, mbavu zimevimba. Akarudisha umeme kwa muda, akagusisha nyaya za mita yake ya kupimia umeme.

"Kumi na tatu na nusu," Mama Vifungo akasoma. "Si ni betri ya volti kumi na mbili? Mbona imezidi? Iko nzima!"

"Hiyo ni nguvu ya chaja iliyomo ndani ya boksi. Ni kama mgonjwa uliyemshika kwapani. Anasimama. Sasa mwachie." Akazima. Namba ikaporomoka hadi tisa.

"Kumbe!" Mama Vifungo akapumua. "Na iliyo nzima?"

"Ukizima umeme, inabaki kumi na mbili na nusu hivi, au zaidi. King'ora kikilia itashuka kidogo, lakini haitaanguka hivi. Tazama tarehe niliyoiandika nilipoifunga: miaka sita imepita. Betri hizi nyingi hudumu mitatu hadi mitano. Na ikivimba, usiulize umri. Itoe."

Umeme ukiwa bado umezimwa, fundi alichomoa waya mweusi, kisha mwekundu. Akaweka betri mpya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

"Bisibisi isiguse ncha zote mbili kwa pamoja," akaonya. "Zitatoa cheche. Na hii mbovu haitupwi jalalani, ina tindikali. Nitaipeleka wanakokusanya betri." Kisha akarudisha umeme. "Ishibe mpaka kesho."

Alhamisi alfajiri walipima tena. Umeme ulizimwa, mlango ukafunguliwa. King'ora kikalia sauti yake yote, taa zake zikiwaka.

Saa tano, kwenye benchi la hospitali, simu ya Mama Vifungo ikaita.

"Kimelia," alisema Fundi Nyaya.

"Sare?"

"Zote zipo. Mtu alivunja komeo la dirisha la nyuma. Kelele ilipoanza tukatoka wote, hata fundi viatu wa mtaani kwetu, nyundo yake mkononi. Mwizi amekimbia, amevuka hata ukuta ambao mimi siuwezi."

"Na umeme?"

"Haujarudi tangu saa mbili."

Mama Vifungo alishukuru, kisha akamgeukia mumewe akampa habari.

Jumatatu watoto themanini walikwenda shule na sare mpya. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Mama Vifungo huwajulisha majirani, huzima umeme wa king'ora, hufungua mlango, husikiliza, hurudisha umeme, na huandika tarehe kwenye daftari.

Jumamosi moja Fundi Nyaya alipita kumpongeza.

"Asante," Mama Vifungo akasema. "Lakini nina swali. King'ora cha nyumbani kwako umekipima lini?"

Fundi Nyaya akakohoa. Akatazama dari. Akakumbuka kwamba ana haraka.

Mama Vifungo akavua miwani ya kushonea, akachukua bisibisi. "Twende," akasema. "Wewe zima umeme. Mlango nitafungua mimi."

Wakavuka barabara. Umeme ukazimwa, mlango ukafunguliwa.

Kimya.