Mwito wa Kila Dakika Kumi

Jua lilikuwa linatua pale Chanika wakati Hiza alipotoka dukani kwa Shamshudin, chaja mpya ya simu mkononi. Alikuwa anakimbia. Alhamisi hiyo, Machi 2014, binti yake Dorkasi alitimiza siku ya tatu bila kufumbua macho. Hospitali walimtundikia dripu, wakapima kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa; wazazi wakamrudisha nyumbani.

Mzee Mhina, mjomba wa mke wake, alikuja kutoka Mazingara akasema mtoto amechukuliwa kivuli pale kisimani alipoanguka. Mama amwite akiwa mlangoni, bila kuacha, mpaka aitikie. Akishaitikia, asiitwe tena hata mara moja.

Mashavu, mkewe Hiza, alimwita bintiye siku mbili. Sasa sauti ilikuwa imemkauka. Alibaki kutikisa midomo.

Hiza aliishi kwa kuandika programu za simu. Aliwahi kumtengenezea Lekakeny, mfugaji, programu ya kumkumbusha saa za kuwapa ng'ombe dawa. Akaifungua hiyo hiyo. Penye mlio akaweka sauti ya mkewe, aliyoirekodi jana kabla haijakatika. Penye muda akaandika dakika kumi, irudie. Pa kuishia hakuandika kitu.

Akaiweka simu kizingitini, ikiwa kwenye chaja.

"Dorkasi... rudi nyumbani, mwanangu."

Harufu ya tope bichi iliingia ndani.

Dakika kumi. Tena kumi. Mara ya nne...

"Abee, mama."

Dorkasi alikuwa ameketi kitandani, anaomba uji. Mashavu alimkumbatia akilia bila sauti. Hiza alimshika mtoto miguu, ina joto, akalia naye. Simu wakaisahau.

"Dorkasi... rudi nyumbani, mwanangu."

"Abee, mama."

Dorkasi alikuwa anakunywa uji. Sauti iliyoitikia ilitoka nje, upande wa kisimani.

"Izime," Mzee Mhina alinong'ona. "Izime, baba."

Hiza aliifunga programu, lakini alijua haitoshi. Aliiandika iendelee kuhesabu hata ikifungwa, maana wafugaji hufunga kila kitu kutunza chaji. Akachomoa betri. Akaipondaponda simu kwa mchi.

Wakakaa, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika nane. Tisa.

"Dorkasi... rudi nyumbani, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mashavu, na kile kikohozi kidogo kilichoingia wakati wa kurekodi. Ilitoka nje. Mashavu alikuwa ndani, mkono mdomoni.

Dorkasi aliweka kikombe chini, akashuka kitandani.

"Mama ananiita."

Watu wazima watatu walimshika. Alikuwa na miaka sita, na aliwaburuta mpaka mlangoni.

Mzee Mhina aliwaeleza nusu tu: kilichoitikia mara ya pili sasa kimejua kuita. Namna ya kukinyamazisha hakuijua, na kabla ya mavuno akafa.

Walihamia Lutindi, milimani Korogwe. Wiki ya kwanza palikuwa kimya. Siku ya nane, magharibi, waliisikia ile sauti chini kabisa bondeni. Kesho yake ilikuwa imepanda kidogo.

Tangu hapo, jua likizama, Mashavu hujifunga na bintiye kwa kanga moja, kiuno kwa kiuno, na Hiza huegemea mlango akitazama saa.

Sauti ya Mashavu mwenyewe ilimrudia kooni mwezi wa tano. Jioni ya kwanza alimwita bintiye sikioni, polepole, kwa jina lake.

Dorkasi hakugeuka. Alikuwa anasikiliza nje.