Nilimwitikia Bibi Bila Kumwelewa

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, na ninashona nguo hapa Gongoni, Tabora. Haya sijamwambia hata shoga yangu wa karibu. Msinihurumie!

Nilizaliwa mjini. Nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Kinyamwezi nilikipata wakati wa likizo, kwa bibi mzaa baba kule Igalula, asiyejua Kiswahili. Utotoni nilikiongea vizuri. Kisha shule, ndoa, cherehani... kikanitoka. Zikabaki salamu, majina ya vyakula na matusi mawili matatu.

Lakini majivuno yangu, jamani! Bibi alipopiga, kwa simu ya jirani yake Mama Shija, nilipaza sauti ili wateja wasikie. "Mwangaluka, bibi!" Halafu yeye anaongea, mimi naitikia, "Eeh... eeh, bibi... eeh." Akicheka, nacheka. Akiguna, naguna. Wateja wakanisifu kwamba mimi ndiye Mnyamwezi halisi. Kichwa kikavimba! Ningeanzaje kumwambia bibi kwamba sikuelewa hata nusu?

Naye alitangaza kijiji kizima kwamba mjukuu wake wa mjini hajapotea.

Mwaka jana macho yake yakaanza kufifia. Hilo nililijua. Jumapili moja akapiga, akaongea kwa muda mrefu kuliko kawaida, akiniuliza-uliza. Mimi nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi. Nikaitikia tu, "Eeh, bibi, eeh." Akanishukuru sana, nikaona raha.

Kumbe alikuwa ananiambia kwamba madaktari wa macho wamekuja Tabora kwa siku chache, kwamba atapanda treni, na kwamba nimpokee stesheni maana haoni njia. Akauliza kama nitakuja. Nikasema eeh!

Bibi alishuka na kifurushi chake cha karanga, akakaa kusubiri. Watu wanaojua Kinyamwezi walitaka kumsaidia, akakataa, akisema mjukuu wake ameshakubali, yuko njiani. Nyumba yangu hakuijua, wala namba yangu ya simu. Nami nilikuwa hapa hapa Gongoni, nashona huku naimba! Alilala kwenye benchi. Kesho yake akaomba arudishwe kwake.

Mama Shija ndiye aliyenipigia, akanifokea kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilikimbilia Igalula nikamleta bibi mjini, lakini madaktari walikuwa wameshaondoka. Tukahangaika hospitali hii na ile. Presha ya macho, wakasema, na amechelewa. Leo haoni kabisa.

Nilipomrudisha Igalula nilipiga magoti mbele yake nimwombe radhi... maneno sina! Ikabidi Mama Shija atafsiri toba yangu. Nilitegemea laana. Bibi akauliza jambo moja tu, na Mama Shija akalitafsiri huku akinitazama vibaya.

"Kwa hiyo miaka yote hii, habari za babu yako, habari za marehemu baba yako... nilikuwa naongea peke yangu?"

Nilitamani ardhi inimeze!

Ndugu zangu, kama lugha ya kwenu imekuponyoka, usijifanye unaijua. Sema hujaelewa, hata kama watu wanasikia. Aibu gani hiyo ya kumpotezea mtu macho?

Siku hizi naenda Igalula na wanangu tukajifunze. Nikikwama nasema sielewi, na bibi anarudia taratibu, hana kinyongo. Lakini zile habari za baba yangu hajanisimulia tena, nami sina uso wa kumwomba.