Tela la Kulala na Gari la Familia

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anakunja mashuka mezani. Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, anamhesabia foronya. Mimi nilikuwa napanga vyombo kwenye boksi. Baba alikuwa uani, anapakia tela.

Lilikuwa tela la kulala, mali ya baba mdogo. Ndani lilikuwa na vitanda, jiko la gesi, sinki na choo kidogo. Baba mdogo alituazima kwa miezi miwili. Dada alitakiwa kuanza matibabu ya mionzi Jumatatu, saa mbili asubuhi. Angetibiwa siku tano kila wiki, kwa wiki sita. Hospitali ilikuwa mbali, na vyumba vya kupanga karibu nayo vilikuwa vimejaa. Daktari alisema wazi, "Tarehe hii isipotee." Basi tuliamua kuegesha tela kwenye uwanja wa wageni nyuma ya hospitali na kukaa humo.

Gari letu lilikuwa la ukubwa wa kati, la juu kidogo, lenye milango mitano. Kitabu chake kilisema linaweza kuvuta kilo elfu mbili. Tela pamoja na mizigo yake lilikuwa kilo elfu moja na mia nne.

"Elfu mbili toa elfu moja na mia nne, inabaki mia sita," baba alisema. "Hata tukiongeza jirani na mbuzi wake, tutafika."

Baba alikuwa amesukuma mkokoteni sokoni miaka ishirini na mitatu. Watu walimwita Mzee Mizani, kwa sababu alijua kupanga magunia mpaka mishikio inakuwa myepesi mikononi. Sasa akalipanga tela vivyo hivyo. Mtungi wa gesi, madumu ya maji na cherehani ya mama, vyote akaviweka nyuma kabisa. Kisha akauinua mkono wa tela, yaani kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari. Hakukunja hata uso.

"Mnaona? Mwepesi kama ahadi ya mlevi!"

Tulitoka kulijaribu, baba na mimi tu. Barabara kuu ilikuwa nyeupe, karibu haina magari. Tulipofika mwendo wa kilomita themanini kwa saa, basi likatupita kwa kasi. Tela likayumba kushoto. Baba akakata usukani. Tela likayumba kulia, safari hii zaidi, likaanza kutupa gari letu huku na huku. Baba akakata tena, na tena. Nilishika mlango kwa mikono yote miwili. Kilichotuokoa ni mlima. Gari lilipungua mwendo lenyewe, na tela likatulia.

Baba aliegesha pembeni. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Sielewi," alisema. "Nimelipanga vizuri."

"Labda ni upepo, baba."

"Upepo gani? Tazama majani. Hata moja halitikisiki."

Tulirudi nyumbani polepole, kama watu wanaotoka kuzika. Mama alisikia habari, akaweka mashuka chini.

"Mwanangu hapandi kitu hicho."

"Mama, nisipopanda nitafikaje?" dada aliuliza.

Baba alilizunguka tela mara tatu. Alitoa dumu moja nyuma, akalirudisha. Mama akajifunga kitenge vizuri, akavuka barabara kwenda kumwita Mama Breki.

Mama Breki alikuwa fundi wa matela. Alikuja na mizani ya gereji, ile ya kupimia vitu vizito, akaiweka chini ya mkono wa tela. Sindano ikasimama kwenye kilo arobaini.

"Mzee Mizani, nani kakupangia hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana nimeuliza kwa heshima."

Mama akacheka. Baba hakucheka.

"Sikiliza, kaka yangu," Mama Breki alisema. "Mkokoteni unakwenda kwa mwendo wa miguu, na wewe umeushika. Tela linakwenda themanini, na hakuna aliyelishika ila huu mkono. Mbele kukiwa kwepesi, nyuma inajifanyia inavyotaka. Mshale uzito wake uko wapi?"

"Kichwani."

"Na tela ni hivyo hivyo. Katika kila kilo mia za tela, kama kilo kumi mpaka kumi na tano zikae kwenye mkono. Lako ni elfu moja na mia nne. Tunataka kama mia moja sabini."

Tulihamisha vitu. Vizito tuliviweka chini, mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Sindano ikapanda mpaka mia moja sabini. Lakini tulipofunga tela, nyuma ya gari ikazama na pua ikatazama mbinguni.

"Haya, sasa limechuchumaa!" baba alisema. "Nikipakia nyuma mnanigombeza, nikipakia mbele gari linakaa chini. Nipakie wapi, juu ya mti?"

"Hilo ni tatizo la pili, na lina dawa yake," Mama Breki alisema. Kwanza alisoma kitabu cha gari, kuona kama kinaruhusu. Kiliruhusu. Akaleta vyuma viwili virefu vya kugawa uzito. Vikifungwa na kukazwa, vinarudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele ya gari. Gari likainuka, likakaa sawa.

Halafu akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye fremu. Ilisema watu na mizigo ndani ya gari wasizidi kilo mia nne na themanini.

"Nyinyi wanne ni kama mia mbili hamsini. Ongeza mia moja sabini za mkono. Vyuma hivi, arobaini."

"Ngoja," baba alisema. "Kilo za mkono si za tela? Mbona unazihesabu kwenye gari tena?"

"Kwa sababu gari ndilo linalozibeba. Gari haliulizi mzigo umeingilia mlango gani."

Nilipiga hesabu. Mia nne na sitini. Zilibaki ishirini tu, na nyuma ya viti baba alikuwa ameweka vifaa vya kilo tisini. Alivishusha kimoja kimoja.

"Na breki za tela unazifunga kwa kitu gani?" Mama Breki aliuliza.

"Tela lina breki?"

Mama Breki alishika kichwa. Tela lilikuwa na breki za umeme, lakini waya wake ulikuwa unaning'inia. Jumapili alfajiri alifunga kidude cha kuziendesha karibu na goti la dereva. Alipima upepo wa matairi, akafunga vioo virefu vya pembeni na kujaribu taa. Minyororo ya usalama aliipitisha chini ya mkono kwa kuipishanisha.

"Likiyumba tena," alimwambia baba, "usikate usukani. Usikanyage breki ya gari kwa hofu. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, minya hiki kidude kwa mkono. Nirudishie maneno."

Baba aliyarudia mara mbili. Nimeyaandika hapa kama alivyoyasema, maana sasa baba hayupo tena wa kuyarudia.

Kisha tukalijaribu tena, Mama Breki akiwa ndani. Lori kubwa likatupita. Tela lilitikisika mara moja, likatulia. Baba alitazama kioo muda mrefu.

"Basi?" aliuliza.

"Basi," Mama Breki alisema. "Kachukue mgonjwa wako."

Tuliondoka saa nne. Baba hakuzidisha themanini, hata waliokuwa nyuma walipopiga honi. Kwenye mteremko mrefu aliweka gia ndogo, akashuka taratibu. Dada alilala njia nzima. Jioni tukaegesha nyuma ya hospitali.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano, dada alikuwa mbele ya muuguzi, viatu vya ndani bado miguuni.

"Umeandikiwa kuwa unatoka mbali sana," muuguzi alisema. "Umeamka saa ngapi, binti?"

Dada alimtazama baba, kisha akatabasamu.

"Dakika kumi zilizopita."