Kuku Wetu wa Tungue

Kisima chetu kiko nyuma ya nyumba, pwani ya Tungue. Marehemu mume wangu, Abdurremane, alikiita Kuku. Kila alfajiri, akishaswali, aliniuliza: "Kuku ametaga?" Maana yake, maji yamejaa tena? Mpaka leo nikishika kamba namsikia, Mungu amrehemu.

Kiangazi hiki maji yalikuwa yakijaa polepole. Nafisa, mke wa mwanangu Rafique, alichota ndoo, akangoja, akachota nyingine. Rafique akachoka kumwona amesimama juani. Akaleta jembe.

"Mama, nashuka zaidi. Maji yatakuwa mengi."

"Utamchinja kuku," nikamwambia.

"Kisima hakina manyoya, mama."

"Wala mapaja," akasema Nafisa.

Nikawakalisha. Hadithi hii baba yake Rafique aliipata escola, yaani shuleni, ni ya Wayunani wa kale. Mtu alikuwa na kuku. Kila siku kuku alitaga yai moja la dhahabu. Mtu yule akaona moja ni kidogo. Akamchinja ayatoe yote kwa pamoja. Ndani akakuta matumbo tu. Na kesho yake hata lile moja hakulipata.

"Nzuri," akasema Rafique. "Lakini maji yako chini."

Jirani yetu Esperança alikuwa anaingia na madumu matupu.

"Chini kuna bahari, mwanangu," akasema. "Maji ya mvua huzama mchangani, yakakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Ukichimba sana hapa pwani, unaifikia chumvi. Sisi tulichimba. Ndiyo maana unaniona na madumu haya."

Rafique akaenda kuonja maji ya kisima cha Esperança. Akarudi anatema mate.

"Sasa tufanyeje, mama Esperança?"

"Chimba kingine cha kina kifupi, juu kule, mbali na bahari, mbali na choo. Vyote mchote kidogo kidogo, mviache vipumzike. Na mvifunike."

Akachimba huko. Maji yakatoka matamu. Esperança naye anajaza madumu yake hapo.

Jana alfajiri nilikuwa bado juu ya msala wangu wa kuswalia. Nje nikasikia sauti ya Rafique, nzito kama ya baba yake.

"Kuku ametaga?"

"Wote wawili," akajibu Nafisa.