Jino la Paa la Nkuku

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka ukuta wa jirani, Keneilwe na mdogo wake Oteng walisimama kwenye bomba la uani na miswaki yao. Keneilwe alikuwa na miaka kumi na miwili, Oteng sita. Walishindana nani atatoa povu jingi, wakatema, wakacheka, kisha wakaingia ndani kunywa uji wa mtama. Kule Serowe, kwa bibi yao waliyemwita Nkuku, walikuwa wakisukutua kwa maji ya kata huku mbuzi wakiwachungulia kupitia ua wa miiba. Hapa mjini Francistown hapakuwa na mbuzi. Mashindano ya povu ndiyo pekee waliyokuja nayo.

Asubuhi hiyo Oteng alitia maji baridi mdomoni, akapiga ukelele. Mswaki ukaanguka matopeni.

"Lete nione," alisema mama yao, akitoka mlangoni na sare yake ya dukani. Alimwinua kidevu. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kama la mtu aliyeficha andazi zima. Gego moja la chini lilikuwa na shimo jeusi, na ufizi wake ulikuwa mwekundu.

"Ndizo hizo pipi za kibandani," mama alisema. "Kesho nitaomba ruhusa tumpeleke kwa daktari wa meno. Wewe Kene, mwandae mdogo wako leo."

"Nimwandaeje, mama?"

"Utajua mwenyewe. Sitaki kelele huko hospitalini."

Keneilwe hakuwahi kwenda kwa daktari wa meno, na neno lenyewe lilimtia baridi. Basi akashika njia ya mkato. Jioni alipokuwa akimpangusa Oteng miguu, alisema, "Kesho tunakwenda kupimwa urefu. Halafu mama atatununulia magwinya, yale maandazi ya moto."

Oteng alimtazama. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Ulimi ulikuwa mwepesi, lakini kifua kilibaki kizito.

Daktari Seeletso alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Oteng aliingia chumbani mwake akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Akaenda moja kwa moja ukutani, akabana visigino, akanyoosha shingo.

"Unafanya nini hapo, bwana mkubwa?" daktari aliuliza.

"Nasubiri kupimwa urefu."

Daktari alimgeukia Keneilwe. Keneilwe akatazama viatu vyake. Wakati huohuo Oteng aliona kile kiti kirefu, na taa, na sinia la vyuma vilivyong'aa. Akafumba mdomo. Mama alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Mdomo haukufunguka, ila mara moja tu.

"Umenidanganya," alimwambia dada yake. "Kama mama siku ya basi."

Mama aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Daktari hakugombana na mtu. Aliwapa dawa ya kutuliza uvimbe. "Lakini dawa haitoi jino," alisema. "Jumatatu lazima ling'olewe. Tukichelewa, usaha utasambaa shingoni, na hapo itakuwa habari nyingine." Kisha akamwita Keneilwe kando, akamweleza hatua kwa hatua kitakachofanyika. "Binti yangu, mtoto haandaliwi kwa uongo. Mwambie ukweli, ila kwa kipimo chake. Siku tano zinakutosha."

Siku mbili za kwanza zilipotea bure, kwa kuwa Oteng hakumsemesha. Aliketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni. Siku ya tatu Modiri, mtoto wa jirani, alichungulia juu ya ukuta.

"We Oteng, shavu kama chura! Watakung'oa kwa koleo la fundi magari!"

"Modiri," Keneilwe aliita kutoka jikoni, "siku ya chanjo ulijificha chini ya kitanda cha mama yako. Mtaa mzima tulikusikia. Nenda zako!"

Kichwa cha Modiri kikatoweka. Oteng alicheka, halafu akashika shavu kwa maumivu. Keneilwe akaona mlango umefunguka kidogo. Akachuchumaa mbele yake.

"Nilikudanganya, Oteng. Haikuwa kupimwa urefu. Niliogopa kukwambia. Nisamehe."

Oteng alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. "Itauma?"

"Sindano itauma. Kama siafu."

"Siafu mmoja au wengi?"

"Mmoja. Lakini ana hasira."

"Halafu?"

"Halafu mdomo wako utalala, wewe ukiwa macho. Daktari atalivuta jino. Utasikia linavutwa, na pengine utasikia mlio, lakini halitauma kama sasa. Nitakushika mkono."

Wakafanya mazoezi. Ndoo ikawa kiti, kijiko kikawa kioo cha daktari, na Keneilwe akaifunga miwani ya jua ya mama kwa uzi. Oteng alifunua mdomo mpaka koo likaonekana, na dada yake akahesabu meno yote ishirini, yakiwamo mawili mapya ya mbele yaliyokuwa yanachomoza. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, ndipo Oteng akauliza, "Na jino langu wataliweka wapi?"

"Sijui. Labda watalitupa."

Mdomo ukafungwa, *kap!*, kama sanduku.

"Sasa nini tena? Unaogopa siafu?"

Alitikisa kichwa.

"Unaogopa mlio?"

Akatikisa tena. Keneilwe alitaka kukasirika, lakini alikumbuka kwamba muda wote amekuwa akimweleza tu, hajamsikiliza. Akavua miwani, akaketi chini, akanyamaza. Kuku wa jirani walipita, wakarudi. Mwishowe Oteng akasema, kwa sauti ndogo sana, "Jino langu ni la paa la Nkuku."

Keneilwe aliliona lile paa kana kwamba liko mbele yake, nyasi zake zimegeuka rangi ya majivu, moshi wa jikoni ukipenya taratibu. Kila mtoto wa ukoo alirusha meno yake pale, akiomba apewe mapya. Yalikuwamo ya mama, yalikuwamo ya wajomba, yalikuwamo ya Keneilwe mwenyewe. Oteng alipong'oka meno ya mbele, Nkuku alimbeba begani ili arushe vizuri, akamwambia, "Linalofuata tutalirusha pamoja." Haukupita muda, msimu wa baridi, mama akawaambia wanakwenda mjini siku chache. Oteng aliacha gari lake la waya chini ya kitanda cha Nkuku, maana angerudi kulichukua. Siku chache zilikuwa zimefika miezi saba.

"Wakilitupa," Oteng alisema, "hatutakuwa na cha kumpelekea."

Keneilwe hakumwahidi asichokiweza. Alisema tu, "Nitamwomba daktari. Nikikataliwa, nitakwambia nimekataliwa."

Jumatatu Oteng hakwenda ukutani. Alipanda kitini mwenyewe. Kabla hajafungua mdomo alimtazama dada yake, naye Keneilwe, aliyekuwa na haya hata ya kujibu swali darasani, akamwambia daktari habari ya paa. Mama alisikia yote kutoka mlangoni.

"Litaoshwa, nalo ni lake," alisema Daktari Seeletso. "Hapa hatuibi meno ya watu."

Siafu aliuma, na machozi mawili yakatoka. Mkono wa Keneilwe ulibanwa mpaka vidole vikafa ganzi kama mdomo wa Oteng. Kisha ukaja mlio, *kach!*, na daktari akainua gego dogo lenye shimo jeusi.

Nje, kwenye benchi, Oteng aliketi na pamba mdomoni, akiwa ameshika kibahasha cha dawa. Ndani yake mlikuwa na jino.

"Tutalirusha kwenye bati letu," mama alisema. "Paa ni paa, mwanangu."

Oteng alikiweka kibahasha kifuani. Hakulia. Alimtazama mama yake tu, kama alivyomtazama Keneilwe jioni ile alipouliza, Kweli?

Mama alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Kene, uongo ule hukuuokota barabarani," alisema. "Ulijifunza kwangu. Siku ya basi niliwaambia tunakwenda siku chache, na nilijua si kweli. Niliogopa mtalia, na mkilia nitashuka. Nilidhani nawapunguzia maumivu. Kumbe uongo wa huruma hauondoi maumivu, wanangu. Huyaahirisha, na yakija hukuta mtoto hamwamini mtu tena. Nisameheni."

Mama alivuta pumzi.

"Kazi iko huku, na tutaendelea kuishi huku. Huo ndio ukweli. Lakini Ijumaa nikitoka dukani tutapanda basi la Serowe, tulale kwa Nkuku, turudi Jumapili."

"Kheli?" aliuliza Oteng kwa mdomo uliolala.

"Kweli," mama alisema. "Si kwa ajili ya jino lako tu. Na mimi nimepakumbuka nyumbani."