Kisanduku Chekundu Kinachonguruma

Haya, sogeeni, sogeeni, mnisikie. Huko Tukuyu kwenye mvua nyingi aliishi Sekela, mtoto wa miaka sita. Aliishi na mama yake, mpiga gitaa.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kupiga gitaa kwenye kwaya.

Siku moja akarudi kutoka mnadani na visanduku vitatu vya chuma. Vya mtumba. Vya bei ya chee. Maandishi yote yamefutika.

"Vya nini, Mama?"

"Vya kukanyaga! Unachomeka gitaa hapa, unakanyaga hapa, sauti inageuka kwenye spika. Sasa kipi kinafanya nini, hata mimi sijui!"

Kanyaga, Mama, kanyaga!
Tusikie kinasemaje!

Cha bluu kikasema: ting… ting… ting… Kama mtu anayeita bondeni.

Kanyaga, Mama, kanyaga!
Tusikie kinasemaje!

Cha kijani kikasema: wiu-wiu-wiu. Kama maji yanayotikisika ndooni.

Kanyaga, Mama, kanyaga!
Tusikie kinasemaje!

Chekundu kikasema: GRRRAAA! Kuku akatoka mbio. Sekela akacheka mpaka akakaa chini.

"Hiki hakiendi kanisani," Mama akasema.

"Kiende kuangalia tu, Mama. Kitabaki peke yake."

Mama akaguna. "Haya. Kiangalie tu. Kisiguswe."

Jumamosi, kwenye mazoezi kanisani, Mwalimu Ambakisye wa kwaya akamwita Mama mbele.

"Tukusikie. Ukipiga vizuri, kesho unapiga na sisi."

Mama akavipanga visanduku miguuni, akaviunga vyote vitatu kwa nyaya, kama alivyozoea nyumbani.

Ting… ting… ting… Kwaya ikaimba, taratibu, taratibu. Hata Mwalimu akafumba macho.

Sekela, aliyekaa sakafuni karibu na Mama, akakiona chekundu kimekaa kimya. Akakionea huruma. Akanyoosha mguu.

Kanyaga, Sekela, kanyaga!

GRRRAAAAA!

Bibi mmoja akadondosha kitabu cha nyimbo. Vijana wa besi wakaangua kicheko. "Mama Sekela, umekuja na pikipiki?"

"Hapa si baa, mama," Mwalimu akasema. "Tutatafuta mwingine."

Mama hakusema nani amekanyaga. Akakunja nyaya. Mmoja. Mwingine. Mwingine tena.

Njiani Sekela akanong'ona, "Ni mimi."

"Najua. Niliona kiatu chako."

"Umekasirika?"

"Sana."

Lakini hakumwachia mkono.

Jioni, Mama akiwa jikoni, Sekela akatoka peke yake. Akaenda mpaka kwa Mwalimu.

"Hodi! Mwalimu, ni mimi niliyekanyaga. Mama hana kosa."

Mwalimu akakuna kichwa. "Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Lakini nimeshampata mwingine. Nimeshamwambia aje."

Sekela akarudi polepole. Mama alikuwa amesimama barabarani, pekupeku.

"Ulikuwa wapi? Umevuka barabara? Na malori yale ya chai, na ukungu huu, kama ungeteleza, Sekela, kama ungeteleza, mimi ningefanyaje, jamani!"

"Nilikwenda kumwambia Mwalimu ukweli. Amekataa."

Mama akainama. Akamnyanyua, na uzito wake wote, akambeba mpaka ndani.

Sekela alipopanda kitandani, Mama akakaa pembeni na gitaa. Akampigia wimbo ule wa kwaya, akiwa na msikilizaji mmoja tu.

Na msikilizaji huyo akalala katikati ya wimbo.

Mama akaupiga mpaka mwisho.