Bomba la Mzee Mwaisumo

Nyungunyungu wa chuma aliibuka kijitoni na matope mdomoni, akatikisa kichwa mara moja, kisha akaanza kupanda mlima. Ndivyo Mhandisi Atupele alivyomuunda: pua yake hunusa majitaka na kutambua nyumba yalikotoka, kwa kuwa kila familia hula vyake, huoga kwa sabuni yake na humeza dawa zake. Atupele aliiita harufu hiyo saini ya maji. Katika jiji jipya la Tukuyu hapakuwa na mwenye nyumba aliyeweza kuikana saini yake.

Sheria nayo haikuwa na kona. Bomba linalotoka chooni mwako hadi bomba mama la jiji ni lako. Likiziba ulizibue, likipasuka ulifukue, likichafua kijito ulijibie.

Asubuhi hiyo Atupele alimfuata mdudu wake akiwa hajalala siku tatu. Watoto kumi na mmoja wa shule ya bondeni, inayochota maji ya kijito hicho, walikuwa wamelazwa kwa homa ya matumbo. Kati yao, binti yake Tumpe, wa miaka saba, ndiye aliyekuwa mahututi. Atupele aliapa kwamba akimpata mchafuzi huyo, atamtia adabu mbele ya mtaa mzima.

Nyungunyungu akaipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaingia kwenye migomba, akazama, akafukua bomba jipya la plastiki lililochepushwa kuelekea kijitoni. Kisha akalifuata hadi kwenye nyumba yenye baraza la bluu. Ilikuwa nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Mwaisumo.

Kwa Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani hukata kona, akisikia sauti yake hujifunika khanga. Mashine zilikuja, adabu hiyo ikabaki. Ndiyo maana mwaka uliopita, alipokagua mabomba ya mtaa mzima, nyumba hiyo moja hakuigusa. Mumewe Gwamaka alimcheka, akamuuliza kama kweli atamchungulia baba chooni. Akamhakikishia kwamba bomba lilishatengenezwa, yeye mwenyewe alishika jembe. Atupele akaona haya, akatia sahihi.

Jembe alilishika kweli, ila la kuchimbia mchepuko.

Sasa Gwamaka alikuwa amesimama kando ya migomba. Hakuuliza nyungunyungu anatafuta nini.

"Ulijua," Atupele alisema.

"Bomba la zamani liliziba. Kulifukua ingebidi tuvunje baraza la baba. Akasema wewe huwezi kumkagua mkweo."

"Na Tumpe alipoanza kuumwa?"

Gwamaka alianza kusukuma udongo kwa mguu juu ya bomba lililofukuliwa.

Atupele alilia palepale, bila kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo alikuwa akiifua mwenyewe miaka tisa. Heshima yake waliifanya pazia la choo, mwanawe akanywa kilichokuwa nyuma ya pazia hilo.

Mlango ulifunguliwa. Mzee Mwaisumo akakohoa, kama alivyokohoa siku zote ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Atupele hakukata kona. Alishusha khanga mabegani, akainua uso, akamtazama machoni.

"Shikamoo, baba," alisema. "Fungua choo, mdudu aingie."

Mzee alivua kofia yake, akajifunika nayo uso.